Tulivyoyeyusha Kalamu za Nta Mchafukoge

Sisi tuliosoma chekechea Mchafukoge wakati ule wa foleni za sukari na sabuni ya mche, hatuhitaji semina ya kutufundisha kwamba takataka ni mali. Anayebisha aje tubishane.

Darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi la chama, kelele za mikokoteni ya Kariakoo zikiingia dirishani tangu asubuhi. Mwalimu wetu, Mama Felista, alikuwa Mchaga mrefu asiyepandisha sauti. Kalamu za nta za kuchorea zililetwa mara moja tu, hazikuja tena. Tulizitumia mpaka zikabaki vipande kama punje za mahindi, kucha zetu zikikwaruza karatasi. Mwalimu mkuu akaamua kipindi cha kuchora kifutwe mpaka meli ilete mzigo mwingine.

"Meli itachelewa," Mama Felista akamjibu mbele yetu, "lakini hawa hawatasubiri kukua."

Kesho yake akatutuma tulete vizibo vya soda. Tukakaa sakafuni tukimenya makaratasi kwenye vile vipande, vyekundu tukaviweka huku, vya bluu kule. Uani akawasha jiko la mkaa, akabandika sufuria ya maji, na ndani yake kopo kuukuu la samaki lenye vile vipande. Akachora mstari kwa chaki: atakayeuvuka anarudi kwao. Nta ikalegea, ikang'aa kama samli.

Harufu ikamleta Mzee Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi. Mishumaa ilikuwa imeadimika madukani, naye akadhani mwalimu ameficha katoni. Tukamwamkia shikamoo, akatupita akiliendea jiko.

"Mwalimu, mishumaa hii umeitoa wapi?"

"Si mishumaa, mzee. Ni kalamu za watoto."

"Zima moto. Twende ofisini."

Miaka ile mtu alikamatwa kwa kuficha katoni ya sabuni, hata sisi wadogo tulijua. Mama Felista hakuzima. Alishika kopo kwa kitambaa, akaanza kumimina kwenye vizibo.

"Nikizima sasa itaganda humu, na mkuu amekwishafuta kuchora mpaka kalamu zipatikane. Kaa hapo, mzee. Ikipoa ikawa mshumaa, nitatangulia mwenyewe ofisini."

Mzee Kondo akavuta kigoda. Nta ilipopoa, mwalimu akagonga kizibo, kikadondoka kiduara chekundu chenye meno pembeni. Akamkabidhi Zuhura, mdogo wetu kuliko wote, naye akachora kuku. Mzee akamtazama kuku yule, akainuka.

"Mwambie mkuu wako kuchora kunaendelea. Mimi nimekagua."

Kukaendelea.

Leo mjukuu wangu ana boksi zima la kalamu za nta. Moja ikivunjika, inaruka kwenye ndoo ya taka. "Bibi, si tutanunua nyingine?" Shuleni kwao wana wiki ya mazingira, wanavaa fulana za kijani na kupigwa picha, na fulana yenyewe mwakani inatupwa. Majuzi nimeviokota vile vipande, nikamwambia aweke simu chini akae amenye. Alinuna, lakini alimenya.

Ua wa chekechea yetu siku hizi ni ghorofa la maduka, na Mama Felista alizikwa kwao Machame. Simwombei mtoto yeyote dhiki ya wakati ule. Ila mtu asiniambie tulikuwa hatuna kitu. Tulikuwa na watu waliokataa tukose, na hao sijui siku hizi wanauzwa duka gani.