Jicho la Kulia

Enzi zake Kipa alikuwa kipa kweli, si hawa wa siku hizi wanaoruka mpira ukishalala wavuni. Siku moja alijirusha miguuni mwa mshambuliaji, kiatu kikamkuta kando ya pua, penye kona ya jicho la kushoto. Mpira aliudaka. Kilichovunjika ni kifupa chembamba, kidogo kama ukucha, kinachoshikilia mfereji unaopeleka machozi puani. Tangu hapo machozi yakakosa njia, yakawa yanashukia shavuni, kwenye furaha na kwenye msiba.

Mkewe alikuwa na mdomo, jamani! "Wenzako jicho la kulia liko kulia," alimtania. "La kwako la kulia liko kushoto!" Kisha humfuta kwa kidole gumba, huku anaendelea na umbea wake. Jina likakaa. Nyumbani mwao hakuna aliyeliita jicho lile la kushoto tena.

Mkewe alipofariki, Kipa alibaki na jicho lisilo na wa kulifuta. Akitoka kununua sukari tu, majirani wanamdaka: "Pole mzee, jikaze." Hata siku aliyokuwa anacheka! Mwisho akachoka, akaenda hospitali atobolewe njia mpya.

Macho yote mawili yalikuwa yameshatiwa dawa, yanachuruzika sawasawa, nesi alipouliza, "Tunapasua lipi, baba?"

"Hili la kulia, mwanangu."

Nesi akachora alama juu ya unyusi wa kulia. Kipa aliihisi kalamu upande ule, akashangaa, lakini nani abishane na watu wa hospitali?

Daktari alipokuja akabonyeza kidole kando ya pua, kulia, kisha kushoto, akaguna. "Nusura tutoboe mfupa mzima! Mzee, mkono wako wa kulia uko wapi?"

Kipa akauinua.

"Na jicho la kulia?"

Akagusa la kushoto.

Nesi alishika mdomo, kicheko kikamponyoka, chumba kizima kikacheka. Kipa naye alicheka mpaka mbavu zikauma. "Ni mke wangu," akasema. "Ndivyo anavyoliita."

"Basi ukirudi, mwambie mama atafute jina jingine. Hili halilii tena."

Kipa alitaka kusema kwamba mama hayupo.

"Nitamwambia, daktari," akaitikia, na akatamani sana iwe kweli.