Chaki ya Arlene

Wendell Stroud alimzika mkewe siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi alikuwa karakanani ameshawasha moto wa gesi. Watu wa mji wa Bellflower hawakukosa la kusema. Wengine walisema mzee ana moyo mgumu, wengine wakasema afadhali ashike kazi kuliko kukaa ndani akitazama viatu vya marehemu. Wote walikosea. Wendell hakuwa na moyo mgumu, wala kazi haikumliwaza. Alikuwa hasikii kitu. Makaburini alisimama akingoja uchungu uje, haukuja, akarudi nyumbani akala sahani nzima ya viazi alivyoletewa na jirani. Viazi navyo havikuwa na ladha.

Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kwa miaka arobaini na miwili alikuwa amefanya kazi moja tu. Alichukua gari la zamani, akalikata paa na kulishusha, akalilaza karibu na lami, akaling'oa vishikio vya milango na mapambo yote ya kiwandani, hadi likabaki umbo moja laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Ndivyo vijana wa Los Angeles walivyoyafanya magari yao waliporudi kutoka Vita vya Pili, na mtindo mwingine Wendell hakutaka hata kuusikia. Kila gari lililoingia kwake lilipewa mwaka. Mercury ya Bwana Nakashima ilipewa hamsini na moja, maana yake kitu chochote kilichotengenezwa baada ya mwaka huo hakikuruhusiwa kuigusa. Vifuniko vya magurudumu vilitoka kwenye Cadillac ya arobaini na tisa. Hata skrubu za ndani ya milango, ambazo hakuna binadamu angeziona, zilikuwa za zamani. Aliwahi kung'oa kisahani cha majivu kilichokwisha kufungwa, kwa sababu aligundua ni cha hamsini na tatu, na mteja mwenyewe hata sigara hakuvuta.

"Una bahati ulizaliwa arobaini na saba," Lupe Cisneros alikuwa akimwambia. "Ungechelewa miaka mitano ungejifukuza mwenyewe humu ndani."

Lupe ndiye aliyepaka rangi. Karakana yake ilipakana na ya Wendell, na katikati kulikuwa na mlango ambao haukufungwa tangu wote wawili walipokuwa na nywele.

Palipokatwa na kuchomelewa pakabaki mabonde, Wendell hakuziba kwa pati. Pati ya plastiki haikuwahi kuvuka kizingiti chake, maana wakati wa vita haikuwapo. Aliziba kwa risasi, ile metali laini, iliyoyeyushwa, akaisambaza kwa kibao cha mbao kilichopakwa mafuta ya ng'ombe, kisha akaikwangua kwa tupa. Kazi ya namna hiyo haipimwi kwa macho. Bati lisilo na rangi linadanganya macho. Huwezi kuona bonde lenye kina cha unywele mpaka rangi nyeusi ikae juu yake, na hapo umeshachelewa. Linasomwa kwa mkono. Unatandika kitambaa chepesi juu ya bati na kupitisha kiganja polepole, mkono wa kushoto kama unafanya kazi kwa wa kulia, kwa sababu huo haujaota sugu.

Na hapo ndipo Arlene, mkewe, alipoingia. Hakuna bati lililokwenda kwa Lupe kabla Arlene hajatoka nyumba ya nyuma na kikombe cha kahawa, akafuta mkono kwenye aproni, akatandika foronya kuukuu na kupitisha kiganja chake. Hakuwa akitazama. Alizungumzia bei ya mayai, au dada yake wa Fresno ambaye hakupenda kupiga simu. Mara husimama, akainua foronya, akatoa chaki ya fundi cherehani mfukoni na kuchora kiduara. Wendell alinung'unika, akajaza risasi kwenye viduara, na shughuli ikaisha. Lupe aliuita mchezo huo baraka ya mama mchungaji. Wote waliuchukulia hivyo, kama utani wa mke na mume.

Mwezi wa nne, wiki tisa baada ya mazishi, Wendell alimaliza paa la Mercury. Alilisoma kwa kiganja chake mwenyewe mara tatu, akaona limenyooka, akalisukuma gari hadi upande wa pili. Lupe alipuliza praima, rangi ya chini, akangoja ikauke, akalimwagia paa maji ili ling'ae, kama alivyofanya siku zote kabla ya kuweka rangi. Kisha akazima redio.

"Mzee," aliita. "Hebu njoo."

Taa ndefu za dari zilionekana ndani ya maji yale. Zilipaswa kunyooka kama uzi. Zilipinda, zikakatika, zikapinda tena.

"Nimehesabu saba," alisema Lupe.

"Ndiyo. Saba."

Lupe alingoja. Alimjua Wendell, mtu huyu aliwahi kurusha tupa ukutani kwa bonde moja tu, na alama bado ipo. Safari hii Wendell alitazama paa kama mtu anayetazama mvua ya mahali pengine. Gari lilikuwa la Bwana Nakashima, mzee wa miaka themanini na minne, ambaye akiwa kijana alikuwa na kama hilo akaliuza ili alipie shule ya udaktari wa meno. Alitaka kuketi ndani yake tena wakati miguu bado inamtii. Hayo yote Wendell aliyajua. Aliyapitia kichwani moja moja, na hakuna hata moja lililomgusa.

"Sikiliza," Lupe alisema kwa sauti ya chini. "Nipe nusu saa. Pati kidogo, msasa kwenye ubao mrefu, basi. Hata Nakashima aje na vioo vyake vya kutazamia matundu ya meno, hataona kitu. Mimi sisemi, na gari halina mdomo."

"Hapana."

"Hapana yenyewe unaisema kama unaagiza chai. Nitukane basi, nijue upo."

Wendell alitafuta pa kuegemea. Aliegemea, na Lupe akasikia harufu kabla hajaona. Mkono wa kushoto wa Wendell ulikuwa umeshika taa ya kukaushia rangi, iliyowaka tangu asubuhi. Lupe aliupiga ule mkono kwa nguvu hadi ukaachia. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kuvimba malengelenge.

"Inaunguza, bwana!"

Wendell aliviangalia vidole vyake. "Sikusikia," alisema.

Lupe alimpigia simu Corinne. Corinne alikuwa mtoto wa pekee wa Wendell na Arlene, mwanamke wa miaka arobaini, msafisha meno katika kliniki moja ya Long Beach. Alikuja na sare yake ya kazi na hakubishana na mtu. Alimtia baba yake garini akampeleka hospitali.

Daktari alimdunga sindano kwenye ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, Wendell akiwa amefumba macho. "Niambie ukisikia." Wendell alinyamaza hadi kidole cha kumi. Daktari alipandisha sindano, akajaribu katikati ya kiganja, akajaribu karibu na kifundo cha mkono, na hapo tu ndipo Wendell aliposema ndiyo.

"Ni msiba," alisema Wendell. "Nimekufa ganzi tangu Februari."

"Hapana, mzee. Mishipa hii ya fahamu haikufa Februari. Hii ni ya miaka kumi, pengine kumi na mitano. Inakufa kidogo kidogo, mwenyewe unazoea. Umekuwa ukifanya kazi gani?"

Wendell alimwambia. Daktari aliposikia risasi, sumu ya mishipa, aliacha kuandika akamtazama.

Walikuwa wamekaribia nyumbani.

"Magari ishirini na matatu," alisema Wendell.

"Magari gani, baba?"

"Ya miaka kumi na mitano. Yote yalinyooka. Lupe aliyamwagia maji, yakanyooka."

Corinne alipunguza mwendo. Wendell alikuwa akikumbuka viduara. Zamani vilikuwa kimoja au viwili kwa gari zima. Baadaye vikawa vinne, sita, na mwaka uliopita, kwenye boneti moja tu, vilikuwa kumi na kimoja. Alimkaripia Arlene siku ile. Alimwambia macho yamezeeka na mkono nao umezeeka, kwamba amegeuza karakana kuwa mahali pa kuchora maua. Arlene alisema, "Nifurahishe tu, Wendell. Jaza." Naye akajaza ili amfurahishe.

"Mama alijua," alisema Corinne.

"Alijua. Hakuniambia."

Angepaswa kulia hapo. Corinne mwenyewe alikuwa akilia. Wendell alitazama nje, akaona wanauza maandazi mawili kwa bei ya moja, akaona na mtu aliyeshindwa kuegesha gari. Alijichukia kwa kuyaona.

Jioni alimpigia simu Bwana Nakashima. Alimweleza kwamba paa lina mabonde saba, kwamba mkono wake umekufa miaka mingi na aliyekuwa akisoma bati ni mkewe, na kwamba atamrudishia fedha zake na kumtafutia fundi mwingine. 

"Fundi mwingine atatumia pati?" aliuliza Bwana Nakashima.

"Wengi wao, ndiyo."

"Basi jaribu tena. Mimi nina miaka themanini na minne, Bwana Stroud. Chelewa, lakini usichelewe sana."

Jumamosi Corinne alikuja kumsaidia kufunga karakana. Aliona hakuna cha kujaribu tena, na Wendell hakuwa na nguvu ya kubisha. Wakafunika mashine na kupanga vibao. Ukutani, chini ya foronya, kilining'inia kifuniko cha buti cha Mercury, kazi ya mwezi wa kwanza, wakati Arlene bado anaweza kutembea hadi pale. Corinne alinyoosha mkono kukiondoa.

"Ngoja," alisema Wendell. "Usiondoe foronya. Pitisha mkono juu yake. Wa kushoto."

"Baba, mimi nasafisha meno."

"Najua. Pitisha."

"Natafuta nini?"

"Usitafute. Zungumza mambo mengine."

Alidhani baba yake anachanganyikiwa, akafanya ili asimuudhi. Alizungumza juu ya mwenye nyumba wake ambaye hajatengeneza bomba tangu Krismasi. Kazini siku nzima alisoma kwa kidole pale ambapo jicho halifiki, chini ya ufizi, mahali pa giza. Alipofika pale mwenye nyumba aliposingizia kuumwa mgongo, mkono ulisimama.

"Hapa pana kitu."

"Endelea."

"Na hapa."

Alimaliza kifuniko chote. Wendell aliinua foronya. Kulikuwa na viduara vitatu vya chaki nyeupe, viwili pale pale alipoonyesha. Corinne aliitambua ile chaki, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kujifunika uso.

"Moja limekupita," alisema Wendell. "Mama yako mwaka wa kwanza alipitwa na karibu yote."

Basi hawakufunga. Jumamosi tatu mfululizo Corinne alikuja na kahawa, akatandika foronya juu ya paa la Mercury, akachora. Mchoro wake ulikuwa mbovu. Viduara vilifanana na mayai yaliyokanyagwa, na Lupe hakuacha kumwambia hivyo. Wendell aliyeyusha, akasambaza, akakwangua, akangoja kuambiwa. Hakuguswa na aibu ya kuambiwa. Siku moja Corinne alimrudisha mahali pamoja mara tano, akarudi kama punda kwenye kinu. Jumamosi ya tatu Lupe alimwaga maji, wakainama wote watatu, na taa za dari zikalala juu ya paa bila kupinda. Lupe akajifanya anatafuta kitambaa.

Kikabaki kifuniko cha buti. Ndicho kingetangulia kumalizwa, na kila mara Wendell alikuwa amekiruka.

"Hiki tukiache," alisema Corinne. "Nitakipeleka kwangu. Bwana Nakashima atafutiwe kingine."

"Ni cha gari lake."

"Ukiwasha moto chaki inaondoka."

"Ndiyo."

"Basi?"

"Alichora nijaze," alisema Wendell. "Hakuchora nitundike."

Aliwasha moto. Kiduara cha kwanza kilififia chini ya joto, kikaondoka. Cha pili kikaondoka. Kwenye cha tatu, kile kilichompita Corinne, alizima gesi akasimama na kibao mkononi.

"Hiki bado sikisikii," alisema Corinne. "Nimerudia kila wiki. Huenda mama alikosea."

"Hakukosea."

Wendell alitandika foronya juu ya kiduara cha mwisho, akaweka kiganja chake cha kushoto, chenye makovu mapya mawili. Akakipitisha. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Corinne alikuja nyuma yake, akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, akausukuma polepole, kwenda na kurudi, kama walivyokuwa wakifanya alipokuwa mtoto wa miaka sita na mkono wa juu ulikuwa wa Wendell.

"Unasikia?" aliuliza.

Wendell alifumba macho. 

"Bonde silisikii," alisema. "Mkono wako nausikia. Hapa, karibu na kifundo."

Kisha akalia, wiki kumi na mbili baada ya Jumatano ile, mkono ukiwa bado juu ya foronya, naye Corinne hakuuondoa wake.