Pima Kumi na Moja

Mume wangu alizama karibu na Murangi, na ziwa likakataa kumrudisha. Tulingoja mpaka tukachoka. Ndugu zake wa Butiama wakasema tuzike hata kitu chake, kaburi halifukiwi tupu. Mmoja akaleta shati. Nikamwambia shati hilo nilimnunulia mimi na hakulipenda hata siku moja, liache. Wakaniangalia. Machozi sikuwa nayo, nilikuwa nasikia njaa tu.

 Ujana wa baba mkwe uliishia kwenye meli, na ukutani kwake Musoma kuna ramani ya ziwa, ya zamani, waliyoichora Wazungu wa enzi za mkoloni kwa ajili ya manahodha. Nchi kavu wameiacha nyeupe. Majini ndiko kumejaa namba, kila namba kina cha mahali pake. Akaweka kidole pale alipozama mwanawe. Hapakuwa na namba.

"Hapa hawakupima," akasema. "Wavivu hawa."

Kesho yake tukaenda Murangi. Mkwe na mkamwana hatukai mtumbwi mmoja, lakini siku ile hakuna aliyetukumbusha. Mvuvi aliyekuwa na mume wangu akanusurika, ndiye aliyetupeleka mpaka mwamba wa ufukweni ukakaa mstari mmoja na paa la shule, akasema ni hapa. Baba mkwe akatoa kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi, chini yake kapaka mafuta ya ng'ombe yaliyoganda.

"Baba, mafuta ya nini?"

"Tulikuwaga tunapaka hivi, mama. Kamba inakwambia kina, mafuta yanakuletea kilichoko chini. Hata hao Wazungu walifanya hivi hivi."

Akashusha. Kamba ilipolegea akaivuta, akiipima kwa mikono aliyoinyoosha huku na huku: pima kumi na moja. Mafuta yalikuwa yamenasa tope jeusi, la kujaa kijiko. Nikafungua pindo la khanga, akalikwangulia humo. Lilikuwa la baridi. Nililipakata mpaka Butiama.

Tukalizika hilo. Watu waliimba, mimi nawaza kama wali utatosha.

Tuliporudi Musoma, baba mkwe aliishusha ramani, akachonga penseli, akaandika 11 pale palipokuwa peupe. Namba ikapinda.

"Haya, mama. Sasa panajulikana."

Nikaweka kidole pale. Karatasi ilikuwa kavu kabisa, na hapo ndipo nikalia.