Kasha la Kumsikia Mdogo Wangu

Ilikuwa santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, na mdogo wangu hakusikika ndani yake. Mwimbaji alisikika. Magitaa mawili yalisikika, hata yule mpiga ngoma aliyegonga kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Mdogo wangu ndiye aliyepiga gitaa la besi, na mashine yetu, yenye spika isiyozidi kisahani cha chai, haikuwa na nguvu ya kumtoa humo.

Alikuwa amepanda treni na bendi yake hadi Dilolo, wakavuka kuingia Angola kupiga muziki. Kisha vita vya kule vikakata njia ya reli, na habari zao zikakatika nayo. Alichotuachia ni hiyo santuri, waliyoirekodi Lubumbashi kabla ya safari.

Mama alikuwa akiishi kwangu, Kolwezi, katika nyumba ya wafanyakazi wa mgodi. Kila Jumapili aliniomba niiweke. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akauliza swali lilelile.

"Tata, na yeye eko wapi?" Aliniita tata, yaani baba, kwa sababu nilibeba jina la baba yake.

"Eko humo, mama. Njo ile sauti ya chini."

"Mi siskie sauti ya chini. Nasikia paka batoto ba bengine."

Watoto wa wengine tu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini nami nilikuwa na wangu. Tulilala mkeka mmoja na yule kijana hadi nilipooa, na nilikuwa na hamu ya kumwona kwa namna ambayo sikuweza kumweleza hata mke wangu. Nikaamua kujenga bafle, yaani kasha la spika, kubwa la kutosha kumtoa mdogo wangu ndani ya ile santuri ili mama amsikie.

Nilikuwa seremala. Mbao nilizijua; sauti sikuijua hata kidogo. Spika yenyewe, pana kama sinia, niliipata kwenye ukumbi wa sinema uliokuwa ukibadilisha vyombo vyake. Niliiunganisha ikiwa uchi juu ya meza nikitegemea nyumba itatikisika. Wapi! Ilikohoa tu. Fundi redio mmoja wa sokoni alinicheka, akanieleza kwamba spika isiyo na kasha inajila yenyewe: sauti inayotoka mgongoni inazunguka na kuimeza ile ya mbele. Besi inahitaji ukuta wa kuzitenganisha, na hewa nyingi nyuma yake.

Hewa nyingi, nikaambiwa, basi nikatengeneza kasha refu. Nilichukua mbao nene za makreti yaliyoleta mashine za mgodi, nikazipiga msasa, nikalileta nyumbani begani pamoja na mwenzangu wa karakana. Hatujafika mlangoni, mama jirani amekwisha kufungua kilemba, mikono kichwani, analia. Wengine wakatoka. Mama yangu naye akatoka, akaliona kasha lile jinsi lilivyobebwa, akakaa chini mavumbini bila kuuliza.

"Hapana, mama! Ni ya muziki! Ni ya muziki!" nilipiga kelele kama mwendawazimu.

Seremala mzima, na sikuona nilichokuwa nimejenga. Katika nyumba inayongoja habari za mtoto, mtu haingizi sanduku refu. Mke wangu alinipa maneno ambayo sitayaandika, na alikuwa na haki. Nililivunja kasha lile siku hiyohiyo. La pili nikalifanya fupi na pana, hewa ileile ndani yake, umbo la kabati la sahani, ambalo hata jirani mwenye hofu asingeweza kumlaza mtu humo.

Ndani nilipigilia pamba ya godoro kuukuu ili mbao zisivume. Chini ya spika nilikata tundu nikatia bomba, maana kasha lenye tundu linapumua kama chupa unayoipulizia mdomoni: chupa kubwa, sauti nzito. Bomba likiwa refu sauti inashuka, likiwa fupi inapanda. Nililijaribu kwanza kwa karatasi ngumu niliyoikunja, nikiiongeza na kuipunguza, nimechuchumaa sakafuni, mgongo ukutani karibu na mlango wa jikoni, kwa kuwa nyaya zangu hazikufika mbali. Na siku moja, palepale chini, nikamsikia mdogo wangu. Aliingia mgongoni mwangu kupitia ukuta. Nilizima haraka. Sikutaka kumsikia zaidi kabla ya mama.

Jumapili baada ya misa tulifagia sebule. Mama akavaa kitenge chake kizuri. Tulimkalisha kwenye kiti chetu kimoja chenye mito, katikati ya chumba, akilitazama kasha uso kwa uso, kama inavyostahili kumkalisha mzazi. Nikaweka sindano.

Wimbo ukaisha. Mama alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenigombeza.

"Ni kintu kizuri, tata. Umetumika kazi muzuri."

"Haukumusikia?"

"Hapana."

Nikarudia, nikiongeza sauti mpaka vikombe vikalia kabatini. Alitikisa kichwa. Nilitamani kulipiga teke lile kasha. Nikaurudisha wimbo mwanzo mara nyingine, kwa hasira tu, na mama, aliyechoka kunihurumia, akainuka kwenda kutazama maharage jikoni. Alipofika mlangoni akasimama. Akaweka kiganja ukutani.

Ndipo nilipoelewa. Besi haikai katikati ya chumba. Inalundikana kwenye kuta na pembe za chumba. Mimi nilikuwa nimeipima nikiwa chini ukutani, kisha kwa heshima zote nikamweka mama mahali pekee ambapo mwanawe hakufika.

Hakugeuka. Alikaa pale kizingitini, juu ya kigoda cha kusongea bukari, ugali wetu, sikio ukutani. Magitaa yalipoanza kukimbia, besi ikabaki nyuma kidogo, ikingoja, kisha ikaingia taratibu kwa wakati wake. Mama akaanza kucheka.

"Musikie! Benzake bote bameshafika, yeye anakuya nyuma. Hana haraka! Njo yeye. Njo mutoto wangu."

Ndiye, mtoto wake. Nikaketi chini kando yake. Mke wangu naye akaja. Tulimsikiliza sote watatu, migongo ukutani, na kwa muda wa wimbo ule alikuwa nyumbani. Nilijua kabisa kwamba si kweli, na bado nilifurahi kama mtoto. Wimbo ulipoisha mama aliniomba niurudie, nikarudia, na tena, mpaka akanishika mkono nisiinuke.

"Sasa inatosha," akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti yake ilikuwa ya mama mwenye nyumba siku yoyote. "Nimemusikia. Sasa muite akuye, tata. Maharage imeiva."

Alinitazama akingoja. Kasha nililolijenga lilikuwa la kumsikia tu, si la kumwita.