Koti Jeupe la Kwenda Kula Melini

Mwaka ule mto ulipopanda mpaka ukaingia jikoni mimi nilikuwa mdogo wa kubebwa begani. Tulikuwa tunakaa Ndera wakati huo, na sisi sote, baba, mama, watoto watano na mbuzi mmoja (mmoja, shikeni hapo, mtamhitaji mbele), tulihamia juu ya ulingo wa kulindia mahindi, tukawa tunalala pale kama ndege, maji yanapita chini yetu na vyungu vya watu. Siku ya nne au ya tano ikaja mashua ya msaada, ikatugawia unga na marobota ya nguo zilizotoka nchi za mbali, na baba yangu katika kunyoosha mkono akapata koti. Koti la kijani, zito, limebana kiunoni, vifungo vikubwa kama vifuniko vya chupa, na shingoni lina manyoya kama ya paka. Baba alilipenda koti lile kuliko shamba. Alilivaa Ijumaa, akalivaa arusini, akalivaa barazani kwa chifu jua likiwa utosini, na watu wakampisha njia. Baadaye sana akaja mwalimu mmoja wa kike kutoka bara, akamwamkia baba kwa adabu, kisha akamwita mama kando akamnong'oneza, "Mama, lile koti ni la mwanamke." Mama akamjibu, "Najua, mwanangu. Ukimwambia, mimi na wewe tutagombana." Basi baba akazeeka nalo, akafa hajui, na sikumbuki mtu aliyewahi kumcheka.

Sasa mimi mwanawe nimechekwa. Kau nzima, kijiji ninachokaa sasa, inaijua aibu yangu nusunusu, na aibu ya nusu ndiyo mbaya, maana ile nusu nyingine watu hujijazia wenyewe, kwa hivyo afadhali niitoe yote kwa mkono wangu, na hata kama darasa nililiacha la pili, kuandika aibu hakuhitaji cheti.

Ilianza na meli. Msifikirie zile kubwa za baharini, hii ni ya mtoni, ina ghorofa moja juu ya nyingine na vyumba vya kulala wageni, inapanda kutoka Kipini pole pole, na kila Jumamosi inafunga kamba Ozi, wageni wanakula chakula cha jioni pale huku wanatazama viboko. Meneja wake ni mama mmoja wa Mombasa, Bi Zawadi. Siku moja akaja Kau kuuliza kama kuna mzee anayeujua mto, wa kukaa mezani na wageni kila Jumamosi awasimulie mambo ya zamani, yeye Bi Zawadi atafasiri. Watu wakamtajia wawili, mimi na Galgalo. Galgalo ni Muorma, mfugaji, rafiki yangu na mtani wangu miaka mingi, analeta maziwa Kau na kuchukua ndizi, na mto anaujua kama mahali pa kunyweshea ng'ombe tu. Bi Zawadi akatwambia, "Njooni wote wawili Jumamosi, saa kumi na moja, tule pamoja, niwasikie. Nitachagua mmoja." Kisha, akiwa anaondoka, akasema lile neno lililoniua, "Wageni wetu huvaa vizuri wakati wa kula."

Niwaambie ukweli, ile nafasi niliitaka mpaka usingizi ukanipotea. Nyumbani kwangu nikianza tu kusema "Mwaka ule mto ulipopanda," wajukuu wanainuka mmoja mmoja kama wanaenda chooni, na hawarudi. Mke wangu Mama Buya anabaki, lakini ananimalizia sentensi. Na hapa kuna watu wanatoka ng'ambo kuja kusikiliza. Mzee akipata sikio jipya ni kama kupata meno mapya.

Mama Buya akasema, "Vaa kanzu yako na kofia. Umevaa kwa Kadhi, umevaa kwa mkuu wa wilaya, itashindwa na meli?"

Nikamwambia, "Kanzu ni ya Idi na maziko. Wale wanataka koti."

"Wamesema koti?"

"Wamesema vizuri."

"Na kanzu ni vibaya?"

Hapo ningenyamaza ningepona. Lakini koti la baba lilikuwa limenikaa kichwani, nikapanda pikipiki mpaka barabarani, nikafika Garsen kwa fundi Karisa. Karisa ni Mgiriama, fundi wa cherehani, na sisi wa huku tunajua siri yake, maana ni siri ya watu wote, kwamba nguo ya mteja ikikaa kwake inapata hewa. Ukiwa na arusi Jumamosi na huna shati, shati la mtu liko kwa Karisa linangoja kifungo, unalivaa, Jumapili unalirudisha, limepigwa pasi, mwenyewe analichukua anashukuru. Mabwana harusi wangapi wameoa ndani ya nguo za watu pale Garsen, tuyaache hayo.

Karisa akanitolea koti jeupe, Mungu wangu, jeupe kama maziwa, kola imesimama, vifungo sita vya rangi ya dhahabu. "Nililetewa nipunguze mikono," akasema. "Mwenyewe anakuja Jumatatu. Lakini Mzee Komora, ukiulizwa ni la nani, ni lako tangu zamani. Wenye koti hili wananipa kazi nyingi, wakijua nimekwisha."

Nikamwapia. Nikamwapia kwa kushika Msahafu ambao haukuwepo pale, nikashika cherehani.

"Halafu kofia haiendi nalo," akasema Karisa, "na hizo ndevu zitaichafua kola."

Basi nikanyoa. Ndevu za miaka thelathini. Mama Buya aliponiona alikaa chini kwenye mkeka, akacheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Umekuwa kama muhogo uliomenywa." Nikamwambia atanitambua nikirudi na nafasi yangu. Akasema kunitambua ndiyo shida yenyewe.

Jumamosi nikapanda mtumbwi mpaka Ozi nimesimama wima njia nzima, nisikae nikachafua koti, na wanawake waliokuwa mpungani wakainuka kunitazama, nikawapungia mkono kama gavana. Nikafika melini mapema. Kuna ubao wa kupandia kutoka ukingoni, nikaupanda kwa heshima, na juu nikakutana na kijana mmoja mwembamba, anatoka jasho, ndiye mkubwa wa wahudumu, anaitwa Kahindi. Hakunipa hata salamu.

"Umechelewa, mzee. Shika hii." Akanipa trei, na kitambaa cheupe akakitundika kwenye mkono wangu.

Mtauliza kwa nini sikusema mimi ni mgeni. Ngojeni. Kwetu arusini, sinia la kwanza hapewi mtoto kulibeba, anapewa mzee anayeaminiwa, alipitishe kwa watu, na kulipokea ni sifa. Ukisema "mimi nimealikwa" utaonekana huna malezi. Nikajua Bi Zawadi amenitukuza mapema. Moyo ukanipanda juu, nikalibeba trei lile nimetoa kifua.

Wageni walikuwa wamekaa, kama ishirini hivi, Wazungu wazee wenzangu, na mbele ya kila mmoja kuna bakuli tupu. Mama mmoja wa nywele nyeupe akanionyesha jagi la maji, kisha akaninyooshea kidole chake mezani, akatabasamu. Sasa nihukumuni nyinyi. Jagi la maji. Bakuli tupu. Kitambaa mkononi mwangu. Chakula hakijaja. Mtu aliyelelewa na mama yake anafanya nini? Nikainama, nikamshika mikono pole pole nikaiweka juu ya bakuli, nikammiminia, nikamwambia "karibu, nawa." Akashtuka kidogo, kisha akacheka, akanawa vizuri kabisa mpaka vifundo vya mikono, nikamfuta kwa kitambaa. Mumewe akaniletea mikono yake. Meza ya pili wakaikunja mikono ya mashati. Ya tatu wakanipigia makofi. Nilikwenda meza zote, jagi likiisha naongezewa, watu wananipiga picha, na mimi nasema moyoni, Komora, nafasi ni yako, hata mdomo hujafungua.

Mwingine akanionyesha chupa ya mvinyo, hiyo nikamwonyesha kwa ishara kwamba bega la upande huo linauma.

Ndipo Kahindi akatokea na sufuria la supu, akatazama bakuli la kwanza, la pili, la tatu.

"Mzee," akasema polepole, "umefanya nini na bakuli za supu?"

"Wamenawa," nikamwambia.

"Wamenawa wapi?"

Nyuma yake wakaja vijana watatu kusaidia kuzikusanya. Nikawaona. Makoti meupe. Kola zimesimama. Vifungo sita vya rangi ya dhahabu. Nikainamisha macho kifuani kwangu pole pole, kama mtu anayetazama kama ameumwa na nyoka, nikavihesabu. Sita.

Na wakati huo huo, kwenye ubao, fimbo inagonga, anapanda Galgalo. Kavaa kikoi chake cha kila siku, shuka begani, ndala zenye matope ya malisho, na Bi Zawadi mwenyewe anateremka ngazi kutoka juu kumpokea, anamvutia kiti cha katikati. "Karibu sana, mzee wetu. Umependeza." Kisha akauliza, "Na Mzee Komora je?" Galgalo akasema, "Yeye iko njiani. Yeye nasikia tafuta nguo."

Kutoroka nilitaka, lakini Kahindi alinikamata nirudishe bakuli safi, na kusema kwamba mimi ni mgeni nilishindwa, maana mdomo ungetaja koti, na koti lingemtaja Karisa. Basi nikagawa supu. Nimegawa vizuri, hata tone moja sikumwaga, andikeni hilo pia.

Bi Zawadi akamwambia Galgalo awasimulie kitu wakati wanangoja samaki. Galgalo akajikuna, akatazama mto. Mimi niko nyuma yake na jagi, nikamwona anavyohangaika, nikafurahi (Mungu anisamehe). Kisha akakohoa, akasema, "Mwaka ile mto ilipanda, sisi nalala juu ya miti. Baba yangu pata koti. Koti ya mwanamke."

Jamani. Koti la baba yangu. Ameisikia hadithi ile kwangu mara mia kwenye maziwa na ndizi, na mimi siku zote nadhani hasikilizi. Akaisimulia na manyoya, na vifungo, na Bi Zawadi anafasiri huku anafuta machozi, na wageni wamelalia meza, yule mama wa nywele nyeupe anashindwa kupumua. Hakuna aliyeinuka kwenda chooni. Hata mmoja.

"Sisi baba, mama, watoto," anasema Galgalo, "na mbuzi saba."

"Mmoja," nikasema.

Kahindi akanivuta mkono. "Mzee, mhudumu hazungumzi na wageni."

"Lakini ulingo haubebi mbuzi saba."

Galgalo akageuka. Akanitazama kidevu, akatazama koti, akarudi kidevuni. "Komora?" akasema. "Ndevu yako nani nakula?"

Bi Zawadi akainuka kitini. "Huyu ndiye Mzee Komora? Mbona nilikungoja..." Kisha macho yake yakashuka kwenye vifungo, nikaona anaitazama mikono iliyopunguzwa. "Na hilo koti," akasema, "umelipata wapi? Langu moja liko kwa fundi Garsen."

Kila kitu kikasimama pale. Nikifungua mdomo nikasema ukweli, ninakalishwa kiti cha pili, ninaiambia meza nzima baba yule ni wa nani, mbuzi anarudi kuwa mmoja, na Karisa Jumatatu anapoteza kazi yake. Nikamwona Karisa na cherehani yake niliyoishika nikiapa.

"Mimi siye Komora," nikasema. "Ni ndugu yangu. Anaumwa. Fundi alinituma nilete koti, nikaona kazi ni nyingi, nikaona nisaidie."

Galgalo alinijua, alijua nasema uongo, na alijua kuna sababu. Akagonga fimbo sakafuni. Kisha akasema, "Ndiyo. Hii ndugu yake. Hii mzuri kuliko Komora, haisemi sana." Wageni wakacheka. (Mpaka leo Jumamosi yeye ndiye anayekaa kiti kile, na mbuzi nasikia wamefika kumi na wawili.)

Nilielewa hapo kitu ambacho mama alikijua. Baba alitembea na koti la mwanamke miaka yote ile hakuchekwa kwa sababu alilivaa akiamini ni la kwake. Mimi niliyekuwa na kanzu yangu kabatini nilikwenda kuazima la mtu nikaapa kwamba ni langu. Tangu siku hiyo, pakiwa na arusi au maziko au meli, navaa kanzu, na Mama Buya akiniambia kitu kuhusu nguo nasema ndiyo.

Kahindi akanipa trei la vyombo vichafu. "Peleka chini, ukaoshe." Nikalichukua. Ngazi ya jikoni ilikuwa kushoto, ubao wa kutokea ulikuwa kulia. Nikaenda kulia. Nikashuka ubaoni na trei langu, nikaliweka juu ya nyasi pole pole bakuli zisigongane, nikakunja kile kitambaa, nikakiweka juu. Jua bado lilikuwepo. Nyuma yangu nikamsikia Bi Zawadi ananiita, "Mzee, samaki wako tayari," na wageni wanaanza kucheka tena, wamefika kwa mwalimu.

Nikashika njia ya Kau kwa miguu, koti bado mwilini (Jumapili nililirudisha kwa Karisa, na kazi yake hakuipoteza). Mama mmoja wa Ozi aliyekuwa anatoka mpungani akanisalimu, akalitazama koti juu mpaka chini.

"Umependeza, baba. Watoka wapi?"

"Natoka kula melini."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mwanangu," nikasema, na tumbo likanguruma akalisikia, na nikaendelea na njia yangu, na ubao ule sijaukanyaga tena.