Saizi ya Mtoto

Nikifungua kichupa cha mafuta ya cherehani, harufu yake hunirudisha kwenye kibanda cha mama cha ushonaji kule Soweto, Mbeya, baridi ikipenya chini ya mlango. Mama hakujua Kiingereza, ila neno saizi alilitumia kutwa. Lilikuwa namba aliyoiandika kwa chaki, na lilikuwa rika pia: mtoto niliyelingana naye alikuwa "saizi yako".

Siku moja mwanamke mmoja alimleta binti yake kupimwa sare, akakataa kungoja zamu. Mama alipomwomba avumilie kidogo, alimjibu mbele ya wateja wote, "Usibishane na mimi. Mimi si saizi yako."

Mama aliendelea kumhudumia aliyetangulia. Zamu yao ilipofika, alimpima mtoto taratibu.

Jioni alinivalisha ile sare ili aangalie urefu, maana yule binti alikuwa saizi yangu. Mimi bado nilikuwa na hasira.

"Mama, si uishone vibaya tu?"

Alitoa pini mdomoni. "Atakayeivaa ni mtoto," alisema, kisha akaacha pindo pana kwa ndani, ili mwakani binti akirefuka liweze kushushwa.