Kiti cha Ildefons

Kwetu Kamachumu mtoto akipata nafasi ya chuo kikuu hasomi peke yake. Anasoma na ukoo mzima, ila darasani anaingia mwenyewe. Rwekaza alipochaguliwa uhandisi katika chuo kimoja pale Bukoba mjini, mama yake, Ephrasia, aliacha kabisa kumwita jina. Akawa Injinia. Injinia lete maji, Injinia fukuza hao mbuzi. Baba yake, Ildefons, hakuwa mtu wa maneno. Alimsindikiza hadi stendi, akampa mkono kama anavyopewa mtu mzima, akarudi kwenye migomba yake.

Injinia wa watu alifika chuoni akakuta hajui kitu. Kamachumu alikuwa wa kwanza darasani; hapa waliokuwa wa kwanza makwao walijaza ukumbi. Somo lililomtesa kuliko yote ni mekanika, zile hesabu za mihimili na mizigo inayobebwa. Mwalimu wake, Dokta Kagaruki, alikuwa akifuta ubao kabla wa nyuma hawajamaliza kunakili. Kwenye uchoraji nako, wenzake waliotoka shule za ufundi walipiga mistari yao wakaenda kula, naye akabaki analigeuza boksi kichwani ili aone upande wa nyuma ukoje, na upande wa nyuma ukakataa katakata kuonekana.

Jaribio la kwanza la mekanika alipata nne kwa ishirini. Aliikunja ile karatasi mpaka ikawa kama kidonge, akaitia mfukoni, na mama alipopiga simu akajibu kwamba masomo yanakwenda vizuri. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini Rwekaza kwa kuficha alikuwa na shahada tayari.

Aliyemfumania ni Riyadhi, kijana wa Kashai aliyekaa naye dawati moja.

"Wewe unakariri," Riyadhi alimwambia. "Mhimili haukaririwi. Nipe vidole."

Akalaza rula juu ya vidole viwili vya Rwekaza, akaweka kifutio juu ya rula, akawa anakisogeza taratibu. "Sasa kidole gani kimeelemewa?"

Rwekaza akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike chuoni. Tangu hapo wakawa wanakaa pamoja kila alasiri, na jaribio la pili akapata kumi na tatu. Kumi na tatu si alama ya kupigiwa vigelegele. Yeye aliipiga picha, akawa anaitazama kwenye simu.

Januari, Ildefons alianguka kibanjani akipunguza majani ya migomba, hakuinuka tena. Wakamzika pale pale kibanjani, nyuma ya nyumba. Rwekaza alikuwa mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo yeye ndiye musika, mrithi wa nyumba. Siku ya kuondoa matanga ukoo humkalisha musika kwenye kiti cha baba yake na kumkabidhi mkuki mbele ya watu. Asipokuwepo, hakuna shughuli.

Baba yake mdogo, Karugendo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alipanga Jumatano. Rwekaza akapiga simu, akaeleza kwa adabu zote kwamba Jumatano ana mtihani wa mwisho wa muhula, ule wa mekanika. Wazee wakakutana, wakamkubalia.

"Tumekusogezea Jumamosi, waitu," Karugendo alisema. "Jumamosi serikali yote imelala."

Siku nne baadaye chuo kikabandika ratiba mpya. Mekanika ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Ofisini alijibiwa kwamba ruhusa hutolewa kwa mazishi, na baba yake alikwisha kuzikwa. Asiyefika bila ruhusa anapata sifuri na harudii mtihani. Amekula disko, afunge mizigo aende kwao.

"Si uwaambie wazee wasogeze tena?" Riyadhi aliuliza.

"Wameshasogeza mara moja."

"Kwani mara ya pili inauma?"

Ijumaa Rwekaza alikwenda Kamachumu kuwaambia, na simtetei nikisema kweli alikwenda kwa nia hiyo. Njia nzima alikuwa anaipanga sentensi yake. Alikuta pombe ya rubisi inachacha chini ya majani ya migomba, na ndugu wa Rubafu wamekwisha kufika. Karugendo akamtilia kiganjani kahawa za kutafuna.

"Ukoo huu haujawahi kumsogezea mtu siku," alisema. "Wewe ni wa kwanza, kwa heshima ya shule."

Rwekaza akafungua mdomo. "Nashukuru sana, baba," akasema.

Jumamosi saa tatu alikuwa ameketi kwenye kiti cha Ildefons, mkuki mkononi, vigelegele vya shangazi zake vikimpasua masikio. Ephrasia alilia kwa huzuni na kwa fahari, vyote kwa mpigo. Rwekaza alitazama saa mpaka ikafika sita, ndipo akaacha kuitazama. Jioni Riyadhi alipiga simu. Swali la kwanza, alisema, lilikuwa mhimili juu ya nguzo mbili, na mzigo unaosogea.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Rwekaza alimwambia mama yake kwamba wana likizo ya wiki mbili. Wiki ya tatu Karugendo akamfuata kibanjani, akamwuliza Injinia anangoja nini. Akili ya kutunga uongo mwingine ilikuwa imemwishia. Akasimulia yote, toka ratiba mpaka disko, macho yake yakiwa chini.

Karugendo akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kweli, "Ile Ijumaa uliyokuja, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu? Tungesogeza."

Rwekaza alimwangalia usoni kuona kama anasema tu kumfariji. Hakuwa anamfariji. Mzee alikuwa ameshika shina la mgomba, machozi yanamtoka, anarudia neno lile lile: tungesogeza, tungesogeza. Nyumbani Ephrasia alikuwa anaita Injinia aje kula.